Je, Wajua? Nepal kwa Miguu, Mdogo Mdogo

Sogea, nafasi bado ipo. Leo sikupeleki kileleni Everest. Hiyo ni safari ya wenye fedha nyingi. Nakupeleka kwenye vilima vya kati vya Nepal, kuuzunguka mji wa Pokhara, ambako mgeni mwenye fedha kidogo hupanga chumba, akala akashiba, akatembea atakavyo, na kila kona ikamtolea jipya. Wanaokimbilia theluji wanaipita Nepal yenyewe njiani, na ushahidi ninao. Kaza kamba za viatu, twende.

Kwanza saa yako. Je, wajua kwamba Nepal iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45? Ndiyo, na robo yake! Pokhara ikigonga saa sita kamili mchana, Dodoma na Nairobi ni saa tatu na robo asubuhi. Walijipangia saa hiyo mwaka 1986, kwa kufuata mstari unaopita karibu na mlima wao Gaurishankar.

Umesharekebisha saa? Rekebisha na mwaka. Kalenda rasmi ya nchi, Bikram Sambat, imeitangulia yetu kwa zaidi ya miaka 56, na mwaka mpya huingia katikati ya Aprili. Aprili 2025 sisi tukiwa 2025, wao walifungua 2082. Tena ipo miezi yenye siku 32, kwa hiyo anayelipa kodi ya chumba kwa mwezi hapo amefaidi siku!

Na bendera, umewahi kuitazama vizuri? Nchi zote duniani zina bendera yenye pembe nne isipokuwa Nepal. Yao ni pembetatu mbili zilizopandana, nyekundu yenye ukingo wa buluu, na mwezi na jua ndani yake. Namna ya kuichora, mstari kwa mstari, imeandikwa ndani ya katiba ya nchi!

Sikia hili la Jumamosi, maana ni zito. Kwa miongo mingi siku ya mapumziko ya Wanepali ilikuwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi watoto walikuwa darasani. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la kipimo cha 7.8, kitovu chake wilaya ya Gorkha, katika vilima hivihivi, liliipiga nchi muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Karibu watu 9,000 walifariki na maelfu ya shule yakaanguka au kupasuka. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Madarasa yalikuwa matupu.

Haya, tusogee. Nepal ni ndogo kiasi gani? Ndani ya Tanzania zingeenea Nepal sita na nafasi ikabaki. Lakini shika hapa: kutoka kusini hadi kaskazini ni kama kilomita 200 tu, karibu na mwendo wa Dar es Salaam mpaka Morogoro, na katika mwendo huo ardhi inapanda kutoka chini ya mita 100 hadi mita 8,848.86! Dunia ina milima 14 inayovuka mita 8,000, na 8 kati ya hiyo iko Nepal au mpakani mwake. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895. Wasafiri wa kawaida, wenye fimbo na mkoba mgongoni, wanavuka kipito cha Thorong La chenye mita 5,416 bila kupanda kilele chochote.

Sisi tunaanzia chini, ziwa Phewa, Pokhara, chini ya mita 800. Inua macho. Ule mlima wenye ncha kali ni Machapuchare, mita 6,993, na uko umbali wa kilomita 30 hivi tu. Zaidi ya mita 6,000 za mwinuko unaziona ukiwa umekaa na kikombe cha chai mkononi, bila kulipa hata rupia!

Na je, wajua kwamba kilele hicho hakijawahi kupandwa kihalali? Mwaka 1957 Waingereza wawili, Wilfrid Noyce na David Cox, walifika kiasi cha mita 45 kutoka juu, wakageuka. Walikuwa wameahidi kutokanyaga kilele, maana mlima huu ni mtakatifu. Tangu hapo hakuna aliyepewa kibali. Jirani yake Annapurna ya kwanza, mita 8,091, ndio mlima wa kwanza wa zaidi ya mita 8,000 kufikiwa na binadamu: Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal, 3 Juni 1950, miaka mitatu kabla ya Everest.

Kabla hatujatoka mjini, inamisha kichwa hapa darajani. Huu ni mto Seti. Unapita katikati ya Pokhara na mtu anaweza kukaa mjini siku kadhaa asiujue, kwa sababu umejichimbia ufa mwembamba wenye kina cha makumi ya mita. Mahali pengine ukingo na ukingo umeachana mita chache tu. Maji yenyewe ni meupe kwa vumbi la mawe kutoka kwenye barafu ya mlimani!

Sasa tunapanda, na jasho limeanza. Ile miti miwili mikubwa yenye jukwaa la mawe chini yake ndiyo chautari. Njoo ukae. Je, wajua kwamba miti hiyo miwili, ya ukoo wa mkuyu, imepandwa pamoja makusudi na wanakijiji huifungisha ndoa? Ndoa kweli, yenye sherehe! Majukwaa haya hujengwa na familia kwa thawabu, mara nyingi kwa kumkumbuka marehemu wao, na yametapakaa kwenye njia za vilima nchi nzima. Litazame vizuri jiwe unaloegemea. Yapo majukwaa ya ngazi mbili: ya chini ya kukalia, na ya juu imepimwa ilingane na mgongo wa mchukuzi, ili alegeze mzigo bila kuutua chini na bila kusaidiwa na mtu. Aliyejenga hapa alikuwa anawajua wanaopita.

Huyo hapo anakuja mchukuzi mwenyewe. Mgongoni ana doko, tenga la mianzi lenye umbo la pia, na uzito wote umeshikwa na mkanda mmoja uliopita kipajini. Mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa cha herufi T. Akichoka huisimika nyuma yake na kuukalisha mzigo juu yake, yeye bado amesimama. Wanasayansi waliwapima wachukuzi wa njia ya soko la Namche, kule upande wa Everest, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Kwa wastani mwanamume alibeba asilimia 93 ya uzito wa mwili wake. Mmoja alibeba asilimia 183! Hebu jipime wewe, kisha zidisha.

Subiri, hili linatuhusu nyumbani. Mwaka 1986 watafiti walikuwa wamewapima akina mama wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya, wale wa kubeba kichwani na wale wa mkanda wa kipajini. Walikuta kwamba mama hao wanaweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu hata chembe ya ziada. Dunia ilishangaa. Ndipo wakaja kupima Nepal, wakakuta hawa wanatumia nguvu kidogo zaidi hata ya mama zetu, kwa mizigo mikubwa zaidi! Kwenye mpando mkali siri yao inaonekana kwa macho: sekunde chache za kutembea, kisha kituo kirefu, halafu tena. Mwendo wao ni wa taratibu sana, na mizigo inafika.

Je, wajua walichowahi kubeba kingine? Magari! Kabla ya barabara ya kwanza ya kutoka mpaka wa India kufika Kathmandu katikati ya miaka ya 1950, watawala wa ukoo wa Rana walikuwa tayari na magari mjini. Yalifikaje? Yalifungwa kwenye miti, makumi ya wanaume wakaingiza mabega, wakayapitisha juu ya vilima kwa miguu. Gari limebebwa na watu, milima mizima. Picha zake zipo!

Tukifika bondeni kuna daraja la kamba za chuma linaning'inia. Usiogope, lishike. Nepal ina zaidi ya madaraja 10,000 ya waenda kwa miguu, na watoto huyavuka kwenda shule wakiimba. Lile la Kushma, upande wa magharibi wa Pokhara, lina urefu wa mita 344 na liko mita 117 juu ya mto Modi. Zamani ilibidi mtu ateremke korongo lote na kulipanda upande wa pili ili kumsalimia jirani anayemwona kwa macho. Na ujuzi huu umefika kwetu: utaalamu wa madaraja ya Nepal umepelekwa hadi Ethiopia na Burundi.

Nusu ya ajabu za njia hii ziko mezani. Tukae kwenye nyumba ya chai, mwite mwenye nyumba "didi", yaani dada mkubwa, kama wanavyomwita wote.

Je, wajua kwamba chumba kwenye nyumba hizi za njiani huwa bei ya chini sana, ila kwa sharti moja? Ule hapohapo, usiku na asubuhi. Faida yao iko jikoni. Na kadiri unavyopanda ndivyo sahani inavyopanda bei, kwa sababu kila punje ya mchele imefika kwa mgongo wa mtu au wa nyumbu wa mizigo. Mwenye fedha kidogo anajua la kufanya: anakaa huku chini.

Halafu anaagiza dal bhat. Wali, mchuzi wa dengu, mboga ya majani, viazi vya viungo na achari, na ajabu yake ni hii: sahani ya kwanza ikiisha wanakuongeza. Ukimaliza tena, wanakuongeza tena! Bei ileile. Wenyeji wengi hula mara mbili kwa siku, kama saa nne asubuhi na jioni giza likiingia, na kwa mafuta hayohayo mwilini wanapanda na kushuka vilima. Ukitaka sahani isirudi imejaa, ifunike kwa mkono mapema, maana didi akishachota hakuna mjadala.

Sasa hili, ndugu yangu, lilinifanya nisimame. Nyumba nyingi za vilimani hupika dhindo: maji yanachemka, unga unamiminwa, mwiko unazungushwa kwa nguvu mpaka donge linashikana, na mtu anakula kwa mkono. Unga wake wa heshima ni ulezi! Je, wajua ulezi huo ulitoka wapi? Ulianza kulimwa kwetu, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ethiopia na Uganda, ukavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita hadi Bara Hindi, na kutoka huko ukapanda mpaka hapa, kwenye matuta ya Himalaya. Wao tonge la dhindo hulichovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kutafuna.

Bado sijamaliza ulezi. Mashariki ya Nepal, kwa Walimbu, ulezi uliochachushwa hutiwa katika chombo kirefu cha mbao, maji ya moto yakamwagwa juu, ukasubiri kidogo, ukanyonya kwa mrija wa mianzi. Mrija umezibwa chini na kutobolewa vitundu ili punje zisipande. Maji yakiisha, birika linaletwa, unaongeza, mara kadhaa, mpaka ulezi uishiwe nguvu. Kinywaji hicho ni tongba. Sasa waulize Wateso wa Uganda na Kenya kuhusu ajono yao: ulezi uliochachushwa, maji ya moto, mirija mirefu yenye kichujio mwishoni, wazee wamekizunguka chungu. Nafaka moja, maji ya moto, mrija! Kati yao kuna bahari nzima na milima mirefu kuliko yote duniani. Wateso wana chungu kimoja cha wote, Walimbu kila mtu na chake; tofauti kubwa ni hiyo.

Na kahawa wanayokuuzia Pokhara? Mmea wake asili ni Ethiopia, lakini inasimuliwa kwamba vilima hivi viliupata mwaka 1938, pale mtawa Hira Giri alipoleta mbegu kutoka Burma na kuzipanda wilaya ya Gulmi. Mboga ya pembeni nayo usiidharau. Ile ya kijani kibichi inaweza kuwa sisnu, yale majani ya kuwasha yanayochunwa kwa koleo la mianzi. Yakiingia maji ya moto hayawashi tena. Waliokulia chini ya Mlima Kenya wanacheka, maana majani hayo, thabai kwao, wameyala tangu utotoni.

Tumeshiba. Kuna ngazi mbele, kati ya Tikhedhunga na Ulleri, nami sitakuficha: ni za mawe na zinazidi 3,000! Lakini zimepangwa vizuri, na juu yake kuna msitu wa laligurans, ua la taifa. Hapa rododendroni si kichaka cha bustani. Ni mti unaoweza kufika mita 20, na Machi na Aprili mlima mzima unawaka: nyekundu huku chini, waridi ukipanda, nyeupe juu kabisa.

Maua hayo yana siri, kaa sawa. Nyuki wa majabali wa Himalaya, wakubwa kuliko nyuki wote wa asali duniani, wanafika urefu wa sentimita 3. Wanatundika masega kwenye miamba mikali, na Wagurung, watu wa vilima hivi, huyafuata kwa ngazi za kamba zilizosokotwa kwa mianzi, moshi ukifuka chini, shimo tupu mgongoni. Asali ya masika, iliyotoka kwenye maua ya rododendroni, inalevya! Kijiko kikizidi kidogo, kichwa kinazunguka, miguu inakataa, mapigo ya moyo yanapungua. Ukipewa, onja kwa ncha ya kidole.

Na kwa kuwa tumewataja nyuki: watu wenye asili ya vilima hivi wamewahi kupigana Tanga. Novemba 1914 Waingereza walileta majeshi kutoka India kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, na katika vikosi vya Kashmir walikuwamo Wagurkha. Walikuwa miongoni mwa wachache waliofanikiwa kuingia hadi mitaani. Vita vile mpaka leo vinatajwa kwa nyuki waliochokozwa na risasi wakavamia askari bila kujali bendera.

Usije hapa Julai bila kujiandaa. Kama asilimia 80 ya mvua ya mwaka inashuka kati ya Juni na Septemba, na kijiji cha Lumle, karibu na Pokhara, kinapata zaidi ya milimita 5,000. Dar es Salaam inapata kama 1,100. Kisha vuka ukuta wa milima, kilomita 55 hivi kwa mstari ulionyooka, ufike Jomsom: chini ya milimita 300! Ukubwa wa milima hiyo umeizuia karibu mvua yote upande mmoja. Huku kwenye maji mengi kuna ruba wa ardhini wanaoning'inia majanini wakikungoja. Hutasikia akiuma, utaona damu soksini. Chumvi kidogo anaachia.

Mvua hiyohiyo ndiyo sikukuu. Tarehe 15 ya mwezi wa Asar, mwishoni mwa Juni, ndiyo siku ya kupandikiza mpunga. Wazee kwa vijana wanaingia kwenye matuta, wanaimba, wanarushiana tope, wanakula mtindi na mchele uliopondwa. Mgeni akipita akiwa msafi, hapiti hivyo! Na mpunga wa Nepal haujui kuogopa baridi: bonde la Jumla, magharibi, wanaulima hadi kwenye mita 3,000.

Turudi Jomsom, nyuma ya ukuta wa milima. Hapo unatembea kando ya mto Kali Gandaki, kati ya Dhaulagiri ya mita 8,167 na Annapurna: ukishuka na maji, Dhaulagiri iko kulia kwako na Annapurna kushoto, na mto uko zaidi ya mita 5,000 chini ya vilele hivyo. Je, wajua kwamba mto umeitangulia milima? Ulikuwa unapita hapa kabla Himalaya haijainuka, na milima ilipoanza kupanda, mto ukaendelea kukata. Toka mapema lakini, maana kila siku kukikaribia adhuhuri upepo wa bondeni unaamka na mchanga machoni.

Inama uokote lile jiwe jeusi la mviringo. Likivunjika vizuri, ndani kuna umbo lililojisokota, lenye mistari. Huyo alikuwa kiumbe wa bahari, jamaa wa pweza na ngisi, aliyekufa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita! Wahindu huliita shaligram na kulitukuza kama alama ya mungu Vishnu. Bahari ilikuwa hapa. Hata kilele cha Everest chenyewe ni jiwe la chokaa lenye mabaki ya viumbe wa baharini, na nchi isiyo na ufuko hata mmoja imebeba sakafu ya bahari kichwani mwa mlima mrefu kuliko yote.

Ukiwa bondeni humo Oktoba, tazama juu. Korongo kutoka Mongolia na Asia ya kati hupita hapa kwa maelfu kwenda India kukwepa baridi, tai wakiwavizia njiani. Mtu anatumia mtungi wa oksijeni kupanda milima hii, ndege wanavuka kwa mbawa. Na ukikuta njiani ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, upite ukiwa mkono wako wa kulia. Huo ndio mwendo wa adabu.

Unaona msitu ulivyoshona? Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba misitu ya Nepal ilikuwa kama asilimia 26 ya nchi mwaka 1992, na mwaka 2016 ilifika asilimia 45! Karibu mara mbili, katika nchi maskini, ndani ya robo karne. Serikali iliwakabidhi wanakijiji misitu yao wenyewe, na leo vikundi vya watunza msitu vinazidi 22,000. Wanajua nani akate kuni wapi na lini. Hili mimi naliweka juu ya milima yote minane.

Watu je? Milioni 29, na sensa ya 2021 ilihesabu lugha 124. Moja yao, Kikusunda, haina undugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana duniani. Wanaoizungumza wanahesabika kwa vidole.

Ukitaka kukaa sana, viza ya utalii inaruhusu siku 150 kwa mwaka wa kalenda. Pesa yao haitakusumbua hesabu: tangu 1993 rupia 100 za India ni rupia 160 za Nepal, na haijasogea. Jipange uwepo Oktoba au Novemba, wakati wa Tihar, siku tano za taa. Siku ya kwanza ni ya kunguru, wanatandikiwa chakula. Ya pili ni ya mbwa! Kila mbwa, wa nyumbani, wa polisi, hata yule wa mtaani asiye na mwenyewe, anavishwa shada la maua, anapakwa rangi nyekundu kipajini na kulishwa vinono. Ng'ombe naye ana siku yake, na ng'ombe ndiye mnyama wa taifa; akilala katikati ya barabara ya Pokhara, basi linamzunguka.

Na kabla hujaniuliza kuhusu yule jitu mwenye manyoya: ndiyo, yeti aliwahi kuwekewa kanuni rasmi. Mwaka 1959 ubalozi wa Marekani Kathmandu ulituma nyumbani waraka wenye masharti ya serikali ya Nepal kwa wanaomtafuta. Kibali, rupia 5,000. Kumpiga picha ruksa, kumkamata hai ruksa, kumuua marufuku isipokuwa unajitetea. Picha zote, na yeti mwenyewe akipatikana, akabidhiwe serikali haraka iwezekanavyo. Na habari zake zisipewe waandishi bila ruhusa, kwa hiyo ukikutana naye kwenye kona inayofuata, serikali kwanza, mimi baadaye!